Koti la Bakteria: Kwa Nini Fizi za Wengine Hubomoka na za Wengine Hustahimili

Kuna swali moja kuhusu kinywa ambalo husikika sana, iwe ni kwenye foleni ya zahanati au nyumbani asubuhi mtu anapotema povu jekundu kwenye sinki: "Nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Je, nipumzishe mahali hapo hadi papone?"

Jibu fupi ni hapana. Endelea kupiga mswaki hapo hapo, taratibu, kila siku. Jibu refu ndilo somo la ukurasa huu, na linahusu viumbe wadogo mno wanaoishi kati ya jino na ufizi, koti wanalovaa, na jeni zinazowashonea koti hilo. Ukilielewa koti, utaelewa kwa nini damu ile si jambo la kupumzisha.

Tuanze na takwimu moja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa, ambao ripoti yake ilitolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2015, uligundua kwamba karibu watu wazima wote nchini, asilimia 98, walikuwa na fizi zinazotoka damu. Ukipanda matatu ya abiria 14 kutoka Kawangware kuja mjini, kuna uwezekano mkubwa kwamba kila mtu mzima mle ndani, dereva na makanga wakiwemo, ana fizi za namna hiyo. Lakini si kila mmoja wao atapoteza meno. Wengi watazeeka wakiwa nayo karibu yote, na wachache wataanza kuyaona yakitikisika wakiwa na miaka 35 au 40. Ni nini kinachowatenganisha?

Mahali pa kuanzia kutafuta jibu ni jirani zetu wa Machakos. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, hapa Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Aarhus nchini Denmark, waliwachunguza vinywa watu 1,131 wa Wilaya ya Machakos wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Walikuwa Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji, na matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 1988. Kazi yenyewe ilihitaji subira: kila jino lilipimwa pande zake nne. Walikuta ukoga kwenye asilimia 75 hadi 95 ya pande za meno, kulingana na umri. Kwa imani ya wakati ule, watu wenye ukoga mwingi kiasi hicho walipaswa kuwa vibogoyo kufikia uzee. Haikuwa hivyo. Mifuko yenye kina cha milimita 4 au zaidi kati ya jino na ufizi ilipatikana kwenye chini ya asilimia 20 ya pande zilizopimwa, bila kujali umri. Tena sehemu kubwa ya uharibifu ilikuwa imerundikana kwa kikundi kidogo cha watu katika kila rika. Watafiti wakahitimisha kwamba kubomoka kwa fizi na mfupa si hatima ya lazima ya kila fizi iliyovimba.

Hitimisho hilo lilitoka kwa watu wanaoishi mwendo wa saa moja na kidogo kutoka hapa, na limesaidia kubadilisha jinsi ugonjwa wa fizi unavyofikiriwa mbali na Kenya. Ajabu ni kwamba ni wachache kati yetu waliowahi kulisikia.

Kwa hivyo kuna hatua mbili, na tusizichanganye. Ya kwanza ni fizi kuvimba na kutoka damu. Hiyo karibu kila mmoja anayo, na inatibika kabisa. Ya pili ni pale uvimbe unaposhuka chini, nyuzi zinazoshikilia jino zinaachia, na mfupa wa taya unaanza kuliwa. Mfupa huo ukishakwenda, haurudi wenyewe. Kinachomsukuma mtu kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili ni mambo kadhaa: uvutaji sigara, kisukari, jinsi kinga ya mwili aliyorithi inavyofanya kazi, na aina ya bakteria walio kwenye mfuko ule. Hili la mwisho ndilo tunalolishughulikia leo.

Koti, vinyuzi na mikasi

Kinywani mna mamia ya aina za bakteria na wengi hawana neno. Anayetajwa zaidi katika ugonjwa wa fizi anaitwa Porphyromonas gingivalis. Tutamwita P. gingivalis. Huyu hapendi hewa, kwa hivyo hujificha chini ya ufizi. Tofauti na bakteria wanaotoboa meno, yeye hana haja na sukari yako. Chakula chake ni protini. Kupunguza soda na mandazi kutaokoa meno yasitoboke, lakini hakutamnyima huyu mlo.

Mwili unamtambuaje adui? Fikiria soja anayelinda lango la jengo la ofisi pale Kenyatta Avenue. Hajui moyo wa mtu. Anaangalia kilicho nje, yaani sare, beji na mzigo. Seli nyeupe za damu hufanya vivyo hivyo. Hugusa sehemu ya nje ya bakteria, na zikitambua ugeni, humkamata na kummeza. Kwa hivyo kilicho juu ya ngozi ya bakteria ndicho kinachoamua kama atakamatwa, atashika wapi, na atafanya uharibifu gani.

Kwenye ngozi ya P. gingivalis tutatazama vitu vitatu.

Cha kwanza ni koti lenyewe, tabaka la sukari zilizounganishwa kama shanga na kumfunika mwili mzima. Koti hili huteleza. Aliyewahi kujaribu kumshika kambare aliye hai anajua tatizo la seli nyeupe linavyokuwa. Wanasayansi walianza kwa kutenganisha aina sita za koti, wakazipa majina K1 hadi K6, na baadaye ya saba ikaongezwa. Wapo pia P. gingivalis wasio na koti kabisa. Katika majaribio ya panya, wenye koti wakidungwa chini ya ngozi huwa na mwelekeo wa kusababisha maambukizi yanayosambaa, ilhali wasio na koti mara nyingi huishia kwenye jipu la mahali pamoja. Bakteria ni wa jina lile lile, lakini ugonjwa ni tofauti.

Koti linashonwa kwa maagizo ya jeni zilizopangwa pamoja katika sehemu moja ya DNA ya bakteria, kama mafundi wa kiwanda kimoja waliokaa mstari mmoja: huyu anatengeneza shanga, yule anaziunganisha, mwingine anazisukuma nje. Watafiti wakivunja jeni muhimu katika mstari huo, bakteria anazaliwa uchi, na seli nyeupe humla kwa urahisi zaidi. Hivyo ndivyo ilivyothibitishwa kwamba koti si pambo.

Kitu cha pili ni vinyuzi vyembamba vinavyochomoza nje, ambavyo bakteria hutumia kujishikiza kwenye seli za ufizi na kwa bakteria wenzake. Jeni kuu ya vinyuzi hivyo huitwa fimA, nayo ina matoleo sita yanayojulikana. Karibu mwaka wa 2000, Atsuo Amano na wenzake wa Osaka, Japani, walilinganisha watu wenye fizi nzima na wagonjwa. Toleo la pili lilionekana zaidi kwa wagonjwa, na la kwanza zaidi kwa wenye afya. Tofauti ya herufi kadhaa katika jeni moja, basi, yaweza kuwa tofauti kati ya mgeni mtulivu na mgeni mharibifu. Neno "yaweza" nimeliweka kwa makusudi, kwa sababu wapo wagonjwa wenye toleo la kwanza na wazima wenye la pili.

Cha tatu, na kwa maoni yangu ndicho cha kutisha zaidi, ni mikasi. Hivi ni vimeng'enya viitwavyo jinjipeini, na hutoka kwa jeni tatu tu: rgpA, rgpB na kgp. Kazi yake ni kukata protini. Hukata nyuzi za ufizi, hukata kingamwili zilizotumwa kumkamata bakteria, na hukata pia protini za damu ambazo kwa kawaida hubandika alama kwenye adui ili seli nyeupe zimwone. Ni kama mwizi anayefika na mkasi wa kukatia waya wa kamera kabla hajagusa mlango.

Mikasi hii haielei ovyo. Sehemu kubwa yake hufungwa juu ya ngozi ya bakteria kwa molekuli maalum ya mafuta na sukari. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa maabara hulipenda. P. gingivalis akikuzwa kwenye sahani yenye damu, baada ya siku kadhaa hugeuka mweusi tititi. Weusi huo ni mabaki yenye chuma kutoka kwa damu aliyoikatakata, na akaupaka mwilini mwake. Jeni za kutengeneza ile molekuli ya kufungia zikiharibika, mikasi huponyoka, na bakteria hubaki mweupe au rangi ya maziwa. Kwa hivyo mtafiti anaweza kutazama sahani kwa macho na kusema: hapa kuna jeni imekatika. Jina Porphyromonas lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la rangi ya zambarau, kwa ajili ya rangi hiyo ya damu.

DNA nzima ya P. gingivalis mmoja, aina ya W83 iliyotoka Ujerumani, ilisomwa na kuchapishwa mwaka wa 2003. Ina herufi zipatazo milioni 2.34. Binadamu ana zaidi ya bilioni 3, lakini usimdharau mdogo huyu: anaweza kuokota vipande vya DNA kutoka kwa jirani zake wa karibu na kuviingiza kwenye vyake. Yaani koti hairithiwi kutoka kwa mzazi peke yake. Laweza pia kuazimwa kando. Ndiyo sababu jina la bakteria pekee halitoshi kumwambia mtu hatari aliyo nayo, na pia ni mojawapo ya sababu zinazofanya chanjo ya ugonjwa huu kuwa ngumu kutengeneza. Ukifundisha mwili kutambua koti moja, kuna mengine sita.

Damu ni chakula

Turudi sasa kwenye povu jekundu la asubuhi. P. gingivalis anahitaji chuma, na chuma kiko kwenye damu. Ufizi ukivimba, mishipa midogo hupasuka kwa urahisi na majimaji yenye protini hutiririka ndani ya mfuko. Mikasi inakata, bakteria anakula, anaongezeka, ufizi unavimba zaidi na damu inazidi. Tena imeonekana maabarani kwamba kiasi cha chuma cha damu kinachopatikana hubadilisha hata umbo la molekuli za mafuta kwenye ngozi yake, zile ambazo mwili hutumia kama king'ora. Akiwa ameshiba damu, anaweza kutengeneza zile zisizopiga king'ora vizuri.

Kuacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu, basi, ni kumwandalia meza.

Na je, ukiendelea kupiga mswaki, damu itakoma? Ushahidi upo tangu 1965. Harald Löe na wenzake, wakiwa Aarhus, waliwaomba vijana 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zao zilirudi kuwa nzima kwa muda wa kama wiki moja. Kwa hivyo ukisafisha vizuri, mahali meno yanapokutana na ufizi, kwa wiki mbili na damu bado inatoka, hiyo ni ishara kwamba tatizo liko ndani zaidi ya mahali mswaki unapofika. Hapo ndipo safari ya kwa daktari wa meno inapoanza. Na nikitaja mswaki sibagui. Kijiti cha mti wa mswaki, ambacho ndicho kilichoipa brashi jina lake katika lugha yetu, kikitafunwa hadi kikawa laini na kutumiwa pole pole, nacho husugua ukoga. Kinachohesabika ni ukoga kuondoka.

Kuna jaribio jingine linalofaa kutajwa, kwa sababu linaonyesha kwamba wingi si hoja. Mwaka wa 2011, George Hajishengallis na wenzake nchini Marekani waliwapa panya P. gingivalis kidogo sana, chini ya asilimia 0.01 ya bakteria wote vinywani mwao. Panya wakapoteza mfupa. Walipowapa panya waliolelewa bila bakteria wowote wengine, mfupa haukuliwa. P. gingivalis peke yake hakuweza. Kazi yake ilikuwa kuvuruga ulinzi, kisha bakteria wa kawaida, wale majirani watulivu, wakaongezeka na kugeuka kuwa fujo. Kila aliyewahi kuwa sokoni siku ya rabsha anajua kwamba mchochezi mmoja anatosha.

Kwa wazazi wa vijana

Kuna bakteria wa pili ambaye wazazi wanafaa kumjua, ingawa jina lake ni refu kupita kiasi: Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Huyu hutoa sumu inayoua seli nyeupe zenyewe. Kwa kawaida huitoa kidogo. Lakini kuna ukoo wake mmoja, uitwao JP2, ambao umepoteza herufi 530 za DNA mbele tu ya jeni za sumu, mahali panapofanya kazi kama koki ya mfereji. Koki imeharibika, na sumu inamwagika kwa wingi zaidi.

Ukoo huo umefuatiliwa hasa Afrika Kaskazini na Afrika Magharibi. Nchini Morocco, Dorte Haubek na wenzake waliwafuatilia vijana 682 kwa miaka miwili na kuchapisha matokeo mwaka wa 2008. Waliobeba ukoo wa JP2 peke yake walikuwa na hatari ya kuanza kupoteza mfupa mara 18 zaidi ya wasio na bakteria huyo. Waliobeba koo za kawaida za bakteria yule yule, hatari yao ilikuwa mara 3. Ni kiumbe kimoja kwa jina, na pengo lote hilo linaletwa na herufi 530 zilizokosekana.

Ugonjwa wa fizi unaowapata vijana mara nyingi huanza kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele, na ukoga waweza kuwa mdogo tu. Meno yanaonekana safi. Kwa hivyo kijana wa miaka 14 au 16 ambaye meno yake ya mbele yameanza kuachana au kutikisika bila kuumia uwanjani, usimwambie "meno yanakomaa" wala kwamba ni ya ukoo wa baba yake. Mpeleke achunguzwe mwezi huu, na wadogo zake wachunguzwe pia, maana bakteria hawa hupita kwa mate ndani ya familia.

Ukifika kwa daktari

Hakuna mtu atakayesoma jeni za bakteria wako kliniki, na huhitaji hilo. Daktari hutumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, na kusoma kina. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 anaanza kuuliza maswali, na huenda akaomba picha ya eksirei kuona mfupa. Tiba ya msingi ni kukwangua ugaga na utando wa bakteria, juu na chini ya ufizi. Kazi hii hushinda koti lolote, K1 au K6, kwa sababu haijali sare: inaondoa kiota kizima.

Ndiyo maana tunaomba jambo moja hasa. Usinunue vidonge vya rangi mbili dukani ukitarajia vitatibu fizi. Bakteria walio ndani ya utando uliogandamana juu ya jino huvumilia dawa kuliko wanaoelea, na dawa ikipita bila kukwanguliwa, unachobaki nacho ni usugu. Kuna wagonjwa, hasa vijana tuliowataja, ambao daktari huwapa antibayotiki, lakini huzitoa pamoja na kukwangua, si badala yake.

Ukiwa na kisukari, mwambie daktari wa meno, na pia mwambie anayekutibu kisukari kuhusu fizi zako. Magonjwa haya mawili husukumana, na kutibu fizi kumeonekana kushusha sukari ya damu kidogo. Ukiwa mvutaji sigara, usijipongeze kwa kutoona damu. Tumbaku hupunguza kutoka damu kwa ufizi huku mfupa ukiendelea kuliwa chini yake.

Ulizia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwe Westlands, Kangemi, Riruta au Waithaka. Kisipokuwa na daktari wa meno, wataweza kukuelekeza kwa rufaa. Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Barabara ya Argwings Kodhek, na huko wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa wahadhiri wao.

Ukiwa kwenye kiti, uliza swali hili: "Mfuko wangu wenye kina zaidi ni wa milimita ngapi, na uko kwenye jino lipi?" Andika jibu kwenye simu, pamoja na tarehe. Miezi mitatu baada ya kukwanguliwa, rudi upimwe tena mahali pale pale, na ulinganishe nambari hizo mbili.